Jiwe limejuaje kama India ilihama?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kijana wangu wa fom tuu kaja na stori kwamba eti India zamani ilikuwa kusini ya ikweta, ikasogea mpaka ilipo leo, na wataalamu wamelijua hilo kwa sumaku iliyomo kwenye mawe. Mi napasua kokoto miaka mingi na sijaona jiwe lenye sumaku, au wanatupiga kamba? – Msomaji, Moshi

JIBU: Hamna kamba hapo kaka. Chukua sumaku ndogo uifunge na uzi, isogeze taratibu kwenye lile jiwe lako jeusi zito, utaona inavutwa kidogo, humo ndani kuna chembe za magnetaiti, yaani madini ya chuma yenye usumaku. Sasa lava ikitoka inakuwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi, inapoa, na ikishuka chini ya 580 hivi zile chembe zinashika uelekeo wa sumaku ya dunia na zinabaki hivyo hivyo mamilioni ya miaka. Na utamu uko kwenye mwinamo, maana sindano ya sumaku kwenye ikweta inalala tu, ila ukisogea kuelekea ncha za dunia inazidi kuinama mpaka kule mwisho inasimama wima, kwa hiyo ukipima mwinamo umeshajua jiwe liligandia umbali gani toka ikweta.

Miaka ya 1950 mwanasayansi John Clegg wa London na wenzake walipima lava za Deccan, magharibi mwa India, zina kama miaka milioni 66. Mji wa Mumbai, ulio huko huko kwenye lava hizo, leo uko nyuzi 19 kaskazini ya ikweta, lakini mwinamo wa zile lava ni wa kwenye nyuzi 30 hivi kusini! Kila nyuzi moja ya umbali toka ikweta ni kama kilometa 111, piga hesabu mwenyewe, inapita 5,000.

Ila sumaku haisemi kama bara lilikwenda mashariki au magharibi, hapo inabidi kutafuta ushahidi mwingine. Halafu radi ikipiga mwamba inavuruga kila kitu, ndo maana wanapima tabaka nyingi, siyo jiwe moja.

Na kijana asije akabeba kokoto zako kwenda kupima, zimeshageuzwageuzwa hizo. Sampuli inachorwa alama ya kaskazini ikiwa bado imeshikana na mwamba, tena mara nyingi wanaitafuta kaskazini kwa jua, kwa sababu mwamba wenyewe unaweza kuidanganya dira.