Miaka 48 na teknolojia mpya: chagua cha kujifunza

Ndugu yangu, umeuliza kama ukiwa na miaka 48 bado utaweza kwenda sambamba na vijana, maana kila mwaka zinakuja zana mpya za kuandikia programu. Utaweza, ila usizikimbilie zote. Hakuna anayezimudu zote, hata hao vijana.

Tazama vilivyodumu. Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilianza mwaka 1969. Mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd alichapisha wazo la hifadhidata za uhusiano, yaani data iliyopangwa katika majedwali, mwaka 1970, na SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata iliyotokana nalo, inatumika mpaka leo. Anayejua kwa nini faharasa (orodha inayoonyesha data ilipo) huharakisha utafutaji, au kwa nini miamala miwili (kazi mbili za kusoma au kubadilisha data) ikigombea rekodi moja mmoja hulazimika kusubiri, hahangaiki sana akipewa hifadhidata ngeni. Ujuzi huo ndio mtaji wako, uulinde.

Katika vipya, chukua kimoja kwanza. Usiishie kutazama video. Andika upya kwa zana hiyo programu ndogo unayoijua vizuri, na kila ujumbe wa kosa usome mpaka uuelewe. Hapo ndipo mtu hujifunza kwelikweli. Ukikwama, muulize kijana wa timu yako bila haya. Naye ana mengi ya kukuuliza, hasa mfumo unapoanguka.