Maswali yenu kuhusu Matterhorn, mlima wa mpakani

Swali: Mlima huu ni wa Uswisi au wa Italia?

Jibu: Ni wa nchi zote mbili, kwa kuwa mpaka unapita kileleni. Ncha ya Uswisi ina mita 4,478, na ile ya Italia, ambako mlima huitwa Cervino, imepungukiwa mita mbili hivi.

Swali: Je, ni kweli kwamba mpaka wenyewe unahama?

Jibu: Ni kweli, ingawa si kileleni. Kwenye nyanda za barafu zilizo jirani, mpaka hufuata mstari unaogawa maji, na barafu inapoyeyuka mstari huo husogea. Mwaka 2023 nchi hizo mbili zilikubaliana kuurekebisha, na Uswisi ikaidhinisha mwaka 2024.

Swali: Ile kamba iliyokatika katika ajali ya mwaka 1865 mlimani hapa ilikatwa kwa makusudi?

Jibu: Hapana, na inasikitisha kwamba tuhuma hiyo bado inarudiwa. Tarehe 14 Julai watu saba, akiwemo Mwingereza Edward Whymper, walifika kileleni kwa mara ya kwanza. Wakati wa kushuka, kijana Hadow, ambaye hakuwa na uzoefu, aliteleza na kumwangusha Michel Croz, kiongozi wa wapandaji aliyekuwa mbele yake, kisha Hudson na Lord Francis Douglas wakavutwa nao. Taugwalder mzee, kiongozi wa wapandaji kutoka Zermatt, kijiji cha Uswisi kilicho chini ya mlima, alijishikiza kwenye mwamba. Kamba iliyomfunga na Douglas, iliyokuwa dhaifu kuliko zote walizobeba, ikakatika, na wanne hao wakaangamia. Uchunguzi ulimwondolea Taugwalder hatia ya kuikata, lakini minong'ono haikumwacha. Kipande cha kamba hiyo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Zermatt, na nyuzi zake zilizochanika zinaonekana wazi.

Swali: Nimefika kilele cha Kilimanjaro. Je, huu nitauweza?

Jibu: Usipime kwa urefu. Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, hupandwa kwa kutembea, ilhali Matterhorn hukwewa kwa mikono na kamba, kuanzia kibanda cha Hörnli kilicho mita 3,260, na safari huanza kabla ya alfajiri. Jambo lingine ni joto: barafu iliyo ndani ya nyufa ndiyo inayoshikilia miamba, na Julai 2003, baada ya joto kali, mawe yaliporomoka hata makumi ya wapandaji wakaondolewa kwa helikopta. Jifunze kwanza kukwea miamba, ajiri kiongozi wa huko, na akisema siku hiyo haipandiki, mtii.