Nyota 5 au alama 10?

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini kila filamu unayoitazama unaishia kuipa alama 7 kwenye 10. Ni mazoea ya shule: chini ya nusu tunaona ni kufeli, basi 1 hadi 4 hazitumiki kabisa. Hamia nyota 5 na nusu zake, kama Letterboxd, mtandao wa watu kupima filamu walizotazama. Ngazi ni 10 vilevile, ila 3 haitishi. Ziandikie maana: 2 ni “ilinichosha”; 3 ni “sijutii muda wangu”; 4 ni “nitairudia”. Kila nyota ipe filamu moja ya kielelezo, na kila mpya uipime kwayo. Alama iweke kesho yake, si mkiwa bado barazani mnabishana. Nayo 5 usiigawe kama halua ya harusi.