CZ 75 B au CZ 75 BD? Angalia wenzo wa kushoto kabla hujalipa

Ukishapata leseni ya kumiliki silaha hapa Kenya, ukaenda kwa muuzaji aliyesajiliwa kutafuta bastola ya chuma ya milimita 9, si ajabu uwekewe mezani Ceska mbili, yaani bastola za Kicheki za CZ, zinazofanana kama mapacha. Zote ni CZ 75. Mtutu ni ule ule, magazini ni ile ile ya risasi 16, na kila moja ina uzito wa takriban kilo moja ikiwa tupu. Moja imeandikwa B, nyingine BD. Muuzaji mvivu atakwambia hizo ni kitu kimoja, chukua inayokupendeza. Si kitu kimoja hata kidogo. Na kwa kuwa namba ya silaha inaandikwa kwenye cheti chako, usidhani utairudisha wiki ijayo kama shati lisilokutosha.

Kwa kifupi kuhusu bastola yenyewe. Ilibuniwa na František Koucký akisaidiwa na ndugu yake Josef, katika kiwanda cha Uherský Brod, enzi za Chekoslovakia, na ikatoka mwaka 1975. Jeshi la kwao wakati huo lilikuwa likitumia risasi za aina nyingine, kwa hiyo hii ililenga soko la nje. Hataza yake iliwekwa siri nyumbani, jambo lililowaachia watu wa nje nafasi ya kuiga watakavyo: Italia, Uswisi, hadi Israel. Kama umewahi kushika Jericho, bastola za Israel hizi ambazo askari wetu wanabeba, basi unaijua CZ 75 nusu tayari. Sifa yake kubwa ni kwamba ile sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma hutembea ndani ya fremu, si nje yake kama bastola nyingi. Bastola inakaa chini mkononi na haikurushi sana.

Herufi B maana yake kuna kizuizi cha pini, ile inayogonga risasi ili ilipuke. Pini haiwezi kuifikia risasi mpaka triga ivutwe mpaka mwisho. CZ 75 za mwanzo hazina kizuizi hicho, na ukiletewa moja ya zamani kwa bei tamu, iache iwe ya mkusanyaji. Ya kubeba kiunoni isiwe hiyo. BD nayo ina kizuizi hicho hicho, kwa hiyo hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye wenzo mdogo wa upande wa kushoto, pale dole gumba linapofika. Kwenye B wenzo huo ni sefti, yaani kufuli ya usalama. Ukishakoki, yaani nyundo ikishavutwa nyuma, unaupandisha juu, bastola inafungwa nyundo ikiwa nyuma. Ukiushusha, iko tayari kufyatuka kwa mvuto mfupi na mwepesi. Kwenye BD hakuna sefti. Ukiushusha wenzo, nyundo inaanguka yenyewe bila risasi kutoka, inasimama kwenye kituo cha nusu, kabla ya kufika chini kabisa, na wenzo unarudi juu ukiuachia. Kuanzia hapo risasi ya kwanza inahitaji mvuto mrefu na mzito wa triga, zinazofuata ni nyepesi.

Sasa soma tena aya hiyo. Kitendo ni kimoja, kushusha wenzo kwa dole gumba, lakini matokeo yanapingana. Aliyezoea BD akishika B iliyofungwa, akashusha wenzo akitarajia nyundo ishuke, amebaki na bastola iliyo tayari kabisa huku akiamini ameituliza. Ndiyo maana nasema chagua moja, uishi nayo. Mume na mke wenye leseni, mmoja akinunua B na mwingine BD, wamejitafutia balaa.

Mimi nabeba BD, na sababu ni ile kazi ya kushusha nyundo. Mtu mwenye B asiyependa kutembea na nyundo imekokiwa kiunoni, na wengi hawapendi, hana njia ila kuibana nyundo kwa dole gumba, kuvuta triga, kisha kuiteremsha polepole juu ya risasi iliyomo chemba. Nimeyaona haya kwenye uwanja wa shabaha mara nyingi. Mkono una jasho, kidole kina mafuta ya bunduki, nyundo ni ndogo na springi yake haina huruma. Tena triga imevutwa, maana yake kile kizuizi cha pini tulichokisifu juu kimefunguka. Nyundo ikiteleza, risasi inatoka. Mwalimu mzuri akikuona unafanya hivyo atakusimamisha kwanza uelekeze mtutu kwenye tuta la mchanga. BD inakuondolea shughuli hiyo yote.

Je, B haina wake? Inao. Kama lengo lako ni mashindano ya shabaha, B ni tamu zaidi, kwa sababu unaweza kuanza na mvuto mwepesi tangu risasi ya kwanza. Mtu aliyefundishwa kubeba ikiwa imekokiwa na kufungwa, na akafanya mazoezi ya kushusha sefti mpaka ikawa tabia ya mkono, sina neno naye. Shida ni yule anayebeba hivyo lakini mazoezi anafanya mara moja kwa mwaka, siku leseni inapokaribia kuisha.

Kuna jambo lingine linaloweza kukuhamisha kutoka BD: ukubwa wa mkono. Nyundo ikiwa chini, triga inakaa mbele sana. Mwombe muuzaji atoe magazini, avute sehemu ya juu mkaone wote wawili kwamba chemba ni tupu, kisha ashushe nyundo. Shika bastola kama unavyoshika ukifyatua, uielekeze upande salama. Kidole cha shahada kikifika kwenye triga kwa ncha tu, au ukalazimika kuzungusha mkono ili kifike, risasi yako ya kwanza itakwenda pembeni kila siku. Mwenye mkono huo atafute B na mwalimu, au aangalie bastola nyingine kabisa.

Na wewe unayetumia mkono wa kushoto, zote mbili wenzo wake uko upande usiokufaa. Ulizia CZ 85, ambayo ina wenzo pande zote mbili.