Kung'arisha ncha za bomba la moshi bila kuharibu kromu

Ndugu yetu wa Tabora, umeuliza kama msasa unafaa kuondoa masizi kwenye ncha za bomba la moshi zilizopakwa kromu. Haufai hata kidogo, kwa kuwa kromu ni utando mwembamba sana, na ukishachubuka, chuma kilicho chini yake hushika kutu, hasa masika.

Acha bomba lipoe kabisa, hasa kama umetoka safari ya Nzega, kisha vaa glavu. Tangu mwaka 2012 moshi wa dizeli umeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo. Osha kwanza kwa maji na sabuni, maana vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga zinazochora metali ukizisugua zikiwa kavu. Ndipo upake polishi ya metali kwa kitambaa laini. Masizi yakigoma, tumia pamba ya chuma ya namba 0000, iliyo laini kuliko zote, bila kukandamiza.

Maji ya betri, ambayo baadhi ya waosha magari huyasifu, usiyaguse. Na ukikuta masizi mabichi yenye mafuta, muone fundi kabla ya kununua polishi, kwani huenda injini inachoma oili.