Jina la CRB halifutwi kwa elfu nne

SWALI: Assalamu alaikum. Mdogo wangu ana miezi minane tangu aache unga wa heroini. Kila asubuhi huenda kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia asirudie, kliniki ya Kisauni, na amepata kibarua cha kupakua mizigo soko la Kongowea. Zamani alikuwa akimaliza hata Sh 600 kwa siku. Ameacha deni la Sh 9,000 la mkopo wa benki wa kwenye simu, sasa wanadai Sh 26,000, na duka la mtaani Sh 2,300. Kuna kijana anasema kwa Sh 4,000 atamfuta jina CRB, kule wanakoweka rekodi za wakopaji, ili achukue bodaboda ya mkopo. Tumpe? (Dada mtu, Mishomoroni)

JIBU: Wa alaikum salaam, dada. Msimpe. Na kama keshachukua PIN ya M-Pesa ya mdogo wako, ibadilisheni kwanza, kisha mrudi kusoma.

Swali hili naletewa karibu kila wiki, na kila mara nakasirika upya. CRB si daftari ambalo kijana mwenye ufunguo anaweza kulifungua usiku akakata mstari. Taarifa hupelekwa na mkopeshaji, na hubadilika deni likilipwa au ikithibitika liliandikwa kimakosa. Hata likilipwa, rekodi kwamba lilichelewa hubaki miaka 5 tangu siku ya kulimaliza. Watu wakisikia miaka 5 hukata tamaa, na hapo ndipo matapeli wanapowapata. Lakini "alichelewa, akalipa" si sawa na "hajalipa". Nilipokuwa nikipitisha mikopo ya chama cha ushirika, wawili hao sikuwapima kwa mizani moja. Ripoti yenyewe ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Aanzie hapo, ajue ameandikwa na nani na kwa kiasi gani.

Kijana mmoja alinijia na cheti cha kufutwa CRB alichouziwa. Kimechapwa kwa rangi, kina muhuri wa buluu na saini mbili, amekihifadhi kwenye plastiki kama cheti cha kuzaliwa. Tarehe yake ilikuwa 31 Juni. Juni ina siku 30. Alikuwa ametoa Sh 4,500, vibarua vya majuma mawili, na aliyemuuzia alichukua kitambulisho na PIN akakopa Sh 7,000 nyingine kwa jina lake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza iwapo mamake ataamini kwamba hakurudia unga.

Familia huhesabu hasara kwa kete za unga zilizonunuliwa: Sh 600 kwa siku ni Sh 219,000 kwa mwaka. Mimi nahesabu na bei za arosto, yale mateso ya kukosa unga. Arosto ikimshika mtu, simu ya Sh 12,000 huuzwa Sh 1,500, na mtungi wa gesi hutoka jikoni ukiwa umejaa. Ile haraka ilikula nyumba kuliko unga wenyewe. Sasa ameacha, na haraka imehamia kwenu: mnataka jina liwe safi kabla mwezi haujaandama.

Hizo Sh 26,000 msizilipe kabla ya kuziuliza. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya hapa Kenya kinasema mkopo ukishakwama, riba haiwezi kuzidi kiasi kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama. Kama zilikuwa Sh 9,000, riba mwisho wake ni Sh 9,000, jumla Sh 18,000, na juu yake gharama za kufuatilia deni. Nendeni tawini, mwombe hesabu kwa maandishi na mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Bodaboda ingoje. Methadoni yake hunywewa mbele ya mhudumu wa kliniki kila siku, na pikipiki ya mkopo nayo inataka hela yake kila siku. Siku foleni ya kliniki ikiwa ndefu, aache kipi? Tena dawa hiyo yaweza kuleta usingizi, hasa kipimo kinapopandishwa. Asipande pikipiki kabla ya kuuliza kliniki.

Deni la kuanza nalo ni la dukani. Benki haimwoni, mwenye duka humwona kila alfajiri akipita. Sh 100 kila jioni, daftari litiwe saini, siku 23 limekwisha.

Nawaambia na wengine wenye mtu aliyeacha unga, pombe au kamari: yale mabango ya "tunafuta CRB kwa saa 24" kwenye nguzo za stima yanawatafuta nyinyi, kwa sababu mna aibu na hamtakwenda kushtaki. Mnayemlipa ni mkopeshaji peke yake, kwa nambari ya malipo mliyoipata kwake. Hakuna afisa wa benki anayehitaji PIN yako. Na M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea kabla pesa hazijatoka. Ukiona jina la mtu mahali pa benki, katisha.