EDTA ya nini humo, wadogo zangu?

Juzi nimepita nyuma ya mmoja wenu, simtaji, anamimina kemikali ya EDTA kwenye bafa (maji ya kushikilia pH) ya sumu ya nyoka huku anapiga mluzi. Nilitaka kumpokonya chupa. Nikakumbuka madhambi yangu, nikaenda kunywa chai kwanza.

1. Unga wa sumu pima ukiwa na barakoa na miwani. Kukauka si kufa.

2. Ukiyeyusha, gawa kwenye vichupa vidogo ndipo ugandishe. Chupa moja ya kutoa na kurudisha kila siku inakumalizia kimeng'enya.

3. Bafa. Hapa tukae.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Tabora, Oktoba, joto la kupasua kichwa, nilipewa kupima fosfodiesterasi, kimeng'enya cha sumu ya kifutu. Kazi yake mnaijua: inashika uzi wa DNA au RNA kwenye ncha ya 3′, inautafuna nukleotidi moja moja (ndiyo matofali ya uzi huo), kila moja ikitoka na fosfeti yake upande wa 5′. Nilitumia bis-p-nitrofenili fosfeti, kemikali isiyo na rangi: kimeng'enya kikifanya kazi, mchanganyiko unageuka njano.

Wangu ulibaki kama maji ya mvua. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Nikalaumu unga. Nikalaumu umeme uliokatika usiku. Nikamlaumu na nyoka mwenyewe. Babu yangu alikuwa wa Buyeye, wale wacheza na nyoka, nikawaza labda kifutu huyu ana kisasi na ukoo wetu. Nikaomba unga mpya, bei yake siisemi mpaka leo. Nao ukagoma.

Wiki ya pili mzee wa stoo akanichoka. "Hebu nisomee unachotia."

"Trisi, chumvi, EDTA milimola 10."

"Hiyo ya mwisho ya nini, mwanangu?"

"Kuilinda DNA, mzee."

"Isiliwe na nani?"

Nikafungua mdomo niseme vimeng'enya. Nikaufunga. Tena humo kwenye kipimo DNA haikuwemo hata chembe!

Mkono ulikuwa umezoea bafa ya kutolea DNA, ambako EDTA hunyakua madini ili walaji wakose nguvu. Fosfodiesterasi hii inategemea madini hayohayo. Ni kama nimeita fundi abomoe ukuta, nyundo yake nimeifungia stoo. Nikachanganya bafa upya, EDTA nje, magnesiamu ndani. Sijarudisha hata pipeti mahali pake, rangi ikaanza kuja, njano ya embe lililoiva. Mzee akasema "haya," akaenda zake kula.

4. pH karibu na 9, ipimwe kwenye joto la kazi. Trisi ndiyo inayoshika pH ya bafa, na pH yake hushuka kama 0.03 kwa kila nyuzi inayopanda. Ya kwenye friji siyo utakayokuwa nayo kwenye 37.

5. Sumu ghafi ina kimeng'enya kingine pia, 5′-nukleotidasi. Inang'oa fosfeti, unabaki na nukleosidi, kisha unakuja kuniuliza nukleotidi zimeenda wapi. Kwa aliyeumwa, adenosini, nukleosidi mojawapo inayopatikana hivyo, hutanua mishipa na kushusha presha. Nyoka hana haja ya kukaa darasani. Robert Holley na wenzake, waliokamilisha mpangilio wa tRNA ya alanini ya hamira (RNA ndogo inayobeba asidi amino) mwaka 1965, walitumia fosfodiesterasi ya sumu ya nyoka kumega vipande kutoka nchani. Sidhani kama walipiga mluzi.

Na wewe wa juzi: bafa yako nimeimwaga. Chupa iko kwenye sinki, kaioshe.